Propela imeganda kwenye shafti: nizuie vipi isirudie?

Mvuvi wa Igombe: Habari za jioni, wakuu. Jana niligonga propela ya injini yangu kwa nyundo ya mbao karibu saa nzima ndipo ikachomoka, na meno ya shafti nikayakuta yamejaa unga mweupe. Nilidhani maji ya ziwa letu hayawezi kula chuma kwa kuwa hayana chumvi. Nimekosea wapi?

Fundi wa Mwaloni: Pole, ndugu. Unga huo ni kutu ya aluminiamu, ambayo hutokea pale aluminiamu inapogusana na chuma cha pua huku maji yakiwa katikati. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hupunguza kasi tu. Fungua propela mara kwa mara, futa meno yote, upake grisi isiyooshwa na maji. Ukiifungua, tazama nyuma yake kama kuna uzi wa nyavu, kwa sababu uzi hukata sili, ule mpira unaozuia maji, maji yakaingia kwenye gia, na oili ikageuka rangi ya maziwa. Na nyundo uiache, mzee, inaumiza gia.

Nahodha Mstaafu: Ukague pia anodi, kile kipande cha metali kinacholiwa na kutu badala ya injini. Zinki inafaa baharini, lakini katika maji baridi hujifunika ganda ikaacha kufanya kazi, hivyo huku tunahitaji ya magnesiamu, tena isiyopakwa rangi.

Mvuvi wa Igombe: Shukrani. Nimetoka kuikagua sasa hivi: ni ya zinki, na aliyeniuzia boti aliipaka rangi ya bluu pamoja na injini nzima.