Ekskaveta ya mtumba: monita inadai mawasiliano yamekatika, injini inarudi silensa

Mchimba_Msingi:
Wakuu, salaam. Nina ekskaveta ya tani 20, mtumba kutoka Korea Kusini, umeme wa volti 24. Asubuhi inawaka vizuri. Ikishapata moto na kuanza kula mawe, monita inatoa kodi ya hitilafu SPN 639 FMI 9, geji zinalala, injini inarudi silensa (mzunguko wa chini) na swichi ya kuzungusha resi haisikii. Ukizima na kuwasha inakaa sawa kwa muda. Betri mpya, fyuzi zote nzima. Nashauriwa ninunue kontrola ya injini (kompyuta yake). Nina multimita ya kawaida na mchoro wa wayaringi. Nianzie wapi kabla sijatoa pesa?

Umeme24V:
Kontrola usinunue bado. SPN ni namba ya sehemu inayolalamikiwa, FMI ni aina ya hitilafu. SPN 639 ni laini ya mawasiliano yenyewe, ile CAN ya J1939 (nyaya mbili, CAN-H na CAN-L, ambazo kontrola huzungumzia), na FMI 9 maana yake taarifa zilizotarajiwa kufika kila baada ya muda fulani hazifiki kwa wakati. Kodi inakuonyesha nani amelalamika kwamba hasikii. Haisemi nani ameharibika. Mlalamikaji mara nyingi ni mzima kabisa.

Anza na kipimo cha omu. Toa ufunguo, subiri dakika kadhaa kontrola zilale, kisha fungua waya hasi wa betri. Ukipima omu huku umeme ungalipo, namba utakayopata ni ya uongo. Kama mashine ina ile soketi ya duara ya pini 9, CAN-H ni pini C na CAN-L ni pini D (A ni hasi ya betri, B ni chanya). Kama haina, fuata mchoro wako. Pima kati ya C na D:

- Omu 60 hivi: sawa. Kila ncha ya laini ina rezista ya omu 120, na mbili zikiwa sambamba zinatoa 60.
- Omu 120: rezista moja haionekani. Ama imetoka, ama waya umekatika kabla ya kuifikia.
- Omu 40: kuna rezista ya tatu, mtu ameongeza kifaa.
- Karibu na sifuri: nyaya mbili zimegusana.

Halafu pima kila waya dhidi ya bodi. Ukipata omu chache tu, waya umechubuka na unagusa chuma.

Jambo la muhimu kwako: hitilafu inakuja na joto na mtikisiko, kwa hiyo 60 ya asubuhi haithibitishi kitu. Pima mashine ikiwa ya moto lakini imezimwa na hasi ya betri imefunguliwa, multimita ikiwa imeunganishwa, huku mwenzako anatikisa wayaringi kipande kwa kipande: nyuma ya kiti, pale inapopenya ukuta wa kebini kwenda kwenye injini, na karibu na pampu ya haidroliki.

Koleo_na_Tochi:
Naongezea upande wa umeme unaolisha kontrola, watu wengi wanauruka. Kontrola iliyokosa umeme hata kwa kitambo kidogo inanyamaza, na wenzake wote wataandika kwamba mawasiliano yamekatika.

Multimita peke yake haitoshi hapa. Waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba utakuonyesha volti 24 kamili bila mzigo. Chomoa soketi ya kontrola, chukua taa ya volti 24 wati 21, iunganishe kati ya pini ya chanya na pini ya ardhi upande wa wayaringi, rudisha hasi ya betri na uwashe ufunguo. Inavuta karibu ampea 0.9. Ikiwaka hafifu, tatizo umelipata. Kisha, taa ikiwa bado inawaka, pima volti kati ya pini ya ardhi na ncha hasi ya betri. Ikizidi volti 0.2, nenda kwenye boliti za ardhi za fremu, zifungue, kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, kaza upya. Kwenye mtumba uliopigwa rangi mpya ili uuzike, boliti hizo huwa zimepakwa rangi juu na chini.

Mchimba_Msingi:
Nashukuruni. Taa inawaka vizuri, ardhi inatoa volti 0.05. Omu ikiwa baridi ni 60. Ikiwa ya moto na kutikisa upande wa ukuta wa kebini, inaruka 60, 120, 60. Pia nimeona kifaa cha GPS kimefungwa kwenye nyaya hizohizo chini ya kiti, kwa kukwangua ganda na kusokota.

Umeme24V:
Basi kontrola achana nayo. Ondoa GPS hiyo kwanza. Tawi la J1939 halitakiwi kuzidi mita 1 kutoka laini kuu, na kiungo cha kusokota kinaingiza maji, shaba inageuka kijani. Ukitaka kuirudisha, tumia kisomaji kinachobana juu ya waya bila kuukwangua.

Kama kuruka kunaendelea, tafuta soketi iliyopo pale ukutani katikati ya laini na uichomoe. Pima kila upande peke yake: kila mmoja unatakiwa utoe omu 120. Upande utakaosoma wazi (multimita haioni njia yoyote) ndio wenye mkato. Kabla ya kufungua wayaringi yote, kagua pini za soketi hiyo. Chukua pini dume ya saizi ileile na uichomeke kwenye kila pini jike, inatakiwa ing'ang'anie. Ikiingia kwa ulegevu, pini jike imetanuka, mara nyingi kwa sababu kuna fundi aliingiza ncha nene ya multimita. Badilisha pini, kuibana kwa koleo hakudumu.

Koleo_na_Tochi:
Ukikuta waya umekatika, usiunge zote mbili mahali pamoja. Pishanisha viungo, tumia waya wa unene uleule, mpira wa kubana kwa moto wenye gundi ndani, na usokote upya zote mbili mpaka karibu kabisa na soketi. Msokoto ndio unaopunguza kelele za umeme, kwa hiyo usiache sehemu ndefu imenyooka, na usiipitishe sambamba na kebo ya alteneta. Pale ukutani weka mpira wa kukinga, la sivyo utachubuka tena.

Ukimaliza, washa ufunguo na upime volti dhidi ya hasi ya betri: CAN-H inakaa juu kidogo ya 2.5, CAN-L chini kidogo, na jumla yake ni karibu 5. Zote zikiwa sifuri, hakuna kontrola iliyoamka. Futa kodi, fanyisha mashine kazi mpaka mafuta ya haidroliki yapate moto, kisha soma kodi tena kabla ya kuzima.

Gredi_ya_Pwani:
Na kama siku moja itabidi ubadilishe kontrola, linganisha namba ya pati nzima, pamoja na herufi za mwisho, na uulize programu iliyomo. Kontrola ya mashine ya modeli nyingine inaweza kuingia kwenye soketi vizuri kabisa na bado monita ikaikataa, na kodi itakayotokea itafanana na hii uliyonayo leo. Wakichomelea bakuli au bumu, fungua hasi ya betri na uchomoe kontrola zote, na klempu ya ardhi ya mashine ya kuchomelea ikae jirani kabisa na sehemu inayochomelewa.