MREJESHO: Nimeanza kuonana na mwanasaikolojia

Wakuu habari zenu, mimi ndo yule niliyewauliza kama niende kwa mwanasaikolojia, maana tangu mama afariki silali na moyo unaenda mbio bila sababu. Basi nimeenda. Kwanza akanipa fomu ya maswali 9, yote ni kuhusu wiki 2 zilizopita, unajipa alama 0 mpaka 3, usingizi, hamu ya kula, uchovu, la mwisho ni kama unawaza kujidhuru, hapo nilijibu ukweli wote na machozi yakanitoka aisee, akaniacha nilie, hakunikatisha.

Dawa hakunipa, yeye haandiki dawa, akiona zinahitajika anakupeleka kwa daktari wa magonjwa ya akili. Kaniambia nikiona moyo unaanza tu niandike nilikuwa nawaza nini. Siri wanatunza, isipokuwa uhai ukiwa hatarini. Na aliyeniambia nisali tu, nasali bado kaka yangu, na kliniki naenda.

Sasa nahamishiwa Songea kikazi, mwenye uzoefu wa kuendelea kwa simu anijuze, sitaki kabisa kuishia njiani.