Naomba ushauri: plagi ya iridiamu kwa pikipiki ya cc 125

Kijana wa Uyole
Habari za leo, wakuu. Ninaendesha bodaboda hapa Mbeya kwa pikipiki ya Kichina ya cc 125, yenye ile injini ya mtindo wa Honda CG ambayo kila fundi anaifahamu. Tangu mvua zilipokatika imekuwa nzito mlimani. Nikibeba abiria mwenye mzigo inakataa gia ya tatu na inakohoa, na asubuhi napiga kiki hadi mguu unachoka. Nikifungua plagi naikuta nyeusi. Nikiisugua kwa brashi ya waya inatulia kwa muda mfupi, kisha hali inarudi pale pale. Nimesikia kwamba plagi za iridiamu, yaani zenye ncha ya madini hayo magumu, zina moto mkali na zinadumu, na nimeoneshwa NGK yenye namba CR8EIX. Je, nichukue hiyo, au kuna iliyo bora zaidi? Naomba mnijibu mapema, kwa sababu hesabu ya bosi haisubiri.

Mzee wa Safari
Chukua bila wasiwasi, kijana. Nikeli ya plagi ya kawaida huyeyuka kwenye nyuzi 1,455 za Selsiasi, ilhali iridiamu huyeyuka kwenye nyuzi 2,446, na ndiyo maana watengenezaji wanaweza kuichonga ncha ikawa nyembamba, yenye upana wa milimita 0.6 tu kwa NGK na 0.4 kwa Denso, bila kuliwa na moto haraka. Ncha nyembamba hurusha cheche kwa umeme mdogo zaidi. Mimi niliiweka kwenye pikipiki yangu nilipokuwa nikienda Makambako mara kwa mara, na wakati wa baridi ya asubuhi ilikuwa inawaka kwa kiki moja. Barabara ile ilinifundisha mengi kuhusu breki pia, lakini hayo tuyaache.

Dada wa Spea
Ninauza spea, na ningependa uangalie kwanza kama ni halisi, maana plagi feki ni nyingi sokoni. Ishike ile washa ya chini, yaani pete ya chuma iliyo juu ya uzi, kwa vidole ujaribu kuitoa: kwenye plagi halisi haichomoki kirahisi, ila kwenye feki nyingi inatoka yenyewe. Tazama pia kama ncha ya kati imekaa katikati kweli, na kama maandishi kwenye kauri hayafutiki ukiyasugua kwa kucha.

Fundi Mstaafu
Kabla ya kutaja plagi yoyote, tuambie ni nyeusi ya namna gani. Nyeusi kavu, inayotoka kama masizi ukiigusa, inaonesha petroli nyingi kuliko hewa, na kwa Mbeya hilo halishangazi, kwa sababu mji uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta isiyorekebishwa inazidisha petroli. Nyeusi yenye unyevu na inayong'aa ni habari nyingine kabisa.

Kijana wa Uyole
Ni nyeusi ya kawaida, fundi. Labda ina unyevu kidogo. Kabureta ilishasafishwa na chujio la hewa ni jipya, kwa hiyo nadhani tatizo ni moto mdogo tu, ndiyo maana nauliza kuhusu plagi.

Fundi Mstaafu
Unyevu huo unanuka petroli au unateleza kama oili? Je, unaongeza oili kabla siku ya kuimwaga haijafika? Nijibu maswali haya mawili tu.

Kijana wa Uyole
Unateleza. Na ni kweli, oili ninaongeza, kwa sababu nikipima kijiti naikuta imeshuka, na wenzangu kijiweni wanasema nikivuta mafuta inatoa moshi wa bluu. Sikuona sababu ya kuyasema hayo mwanzoni, kwa kuwa swali langu lilihusu plagi. Pikipiki ni ya mkataba, umebaki muda mfupi iwe yangu, na bosi akisikia kwamba inakula oili atasema nimeiharibu na anaweza kuichukua. Isitoshe, plagi hiyo nimeshailipia nusu. Kinachohitajika ni moto wa kutosha kuunguza hiyo oili hadi mkataba uishe.

Mtani wa Kijiwe
Ndugu yangu, hapo ni kumtia meno ya dhahabu mtu anayeumwa tumbo. Atatabasamu vizuri, lakini chakula hakitakaa.

Mwalimu wa Zamu
Mimi si mtu wa injini, lakini mkataba ni amana. Ukimficha mwenye mali, siku pikipiki itakapokwama njiani kosa lote litakuwa lako. Mwambie leo, mkae chini mgawane gharama. Nimeona vijana wengi wakipoteza pikipiki dakika za mwisho kwa sababu ya kuficha jambo dogo ambalo lingezungumzika.

Fundi Mstaafu
Nimekuelewa, na sikulaumu kwa kuogopa. Lakini plagi inayooga oili haiokolewi na madini ya ncha yake. Kauri inapopakwa kaboni na oili, umeme unateleza juu ya uchafu huo na kuishia kwenye bodi ya plagi bila kurusha cheche, na iridiamu itapatwa na hilo hilo. Tena ile ncha nyembamba haisuguliwi kwa brashi ya waya, kwa hiyo utakuwa umenunua kitu cha gharama usichoweza kukisafisha kama ulivyozoea. Moshi wa bluu unaotoka ukivuta mafuta kwa kawaida ni ringi za pistoni au silinda iliyolika. Ukitoka zaidi wakati wa kuwasha au ukiachia mafuta mteremkoni, shuku sili za valvu, ambazo ni nafuu zaidi. Wapo watakaokushauri uweke plagi ya moto zaidi, namba 7 badala ya 8, kwa kuwa kwa NGK namba inavyopungua ndivyo ncha inavyobaki na joto. Ni kweli itachelewa kuziba, kwa sababu ncha huanza kujisafisha ikifika takriban nyuzi 450 hadi 500. Lakini kwa mlima wa kwenda Chunya ukiwa na mzigo, ncha ikipita nyuzi 850 au zaidi kidogo inaanza kuwasha petroli kabla ya cheche, na hapo unaweza kutoboa pistoni.

Jicho la Pembeni
Wakuu, mimi naona tunachezewa. Kwenye namba za NGK, C maana yake ni uzi wa milimita 10 na D ni milimita 12. Injini za mtindo wa CG hutumia plagi ya jamii ya D8EA. CR8EIX itaingia kwenye tundu hilo na kuzunguka bila kushika. Mtu anayefungua plagi yake kila mara hawezi kukosa kuona tofauti hiyo. Huyu ni muuzaji anayetangaza mzigo wake, na habari za bosi na mkataba ni za kutunga ili tumwonee huruma.

Mzee wa Safari
Hata mimi sasa nina shaka. Kwa nini alitaja namba kamili tangu mwanzo?

Kijana wa Uyole
Mimi si muuzaji, na maneno hayo yameniumiza. Namba niliisoma kwenye boksi ambalo muuzaji alilishika mkononi. Plagi yenyewe sijaijaribu kwa kuwa sijamaliza kulipa. Nilimuuliza kama inaingia, akanijibu kwamba nane ni nane. Nimetoka kuifungua ya kwangu sasa hivi: imeandikwa D8TC.

Jicho la Pembeni
D8TC ndiyo mwenzake D8EA, kwa hiyo hapo umesema kweli na ninakuomba radhi. Rudi dukani na hiyo ya zamani mkononi, uiweke kando ya CR8EIX mbele yake. Hatakuwa na la kusema.

Dada wa Spea
Omba akubadilishie kwa D8EA halisi. Nusu uliyolipa huenda ikatosha plagi hata mbili. Ukitaka iridiamu baada ya kutengeneza injini, ya kwako ni DR8EIX.

Kijana wa Uyole
Nitakwenda kesho asubuhi. Bosi nitamwambia nikishajua ni ringi au ni sili, kwa sababu nataka nifike kwake nikiwa na bei. Fundi, naweza kujipimia mwenyewe?

Fundi Mstaafu
Unaweza. Injini ikiwa ya moto, toa plagi, ziba tundu kwa kidole gumba na upige kiki, uone inavyosukuma. Kisha mimina oili kidogo kwenye tundu na urudie. Msukumo ukiongezeka wazi, ni ringi. Usipobadilika na moshi upo, anza na sili na valvu. Plagi mpya ipime mwanya wa kurukia cheche uwe kati ya milimita 0.6 na 0.7, ianze kwa vidole mpaka igote, halafu nusu mzunguko wa spana na si zaidi, maana kichwa cha silinda ni alumini na uzi wake ukikatika hutakuwa tena na swali la plagi. Lete majibu hapa.