Nimenunua njugu, karatasi ni ya kitabu changu

FundiMajengo: Asalaam aleikum wenzangu. Mimi fundi cherehani hapa Majengo, Mombasa. Tangu mwaka jana nina kreti mbili za soda barazani, nimezijaza vitabu vya bure. Atakaye achukue, akimaliza arudishe au ampe mwenzake. Navikusanya mwenyewe: Jumapili nawazungukia wateja wangu wa Tudor na Makupa na gunia, kisha natafuta tuktuk. Kila kitabu nakitia namba kwa penseli, ndani ya jalada na ukurasa wa kumi pia, maana majalada hayakai.

Juzi nimenunua njugu za ishirini kwa mzee wa kona. Zimekwisha, nakunjua karatasi, naona mwandiko wangu: M 47. Ukurasa wa kumi! Nilicheka, halafu hasira zikanipanda. Nigonge muhuri? Niweke amana ya shilingi hamsini? Lakini nikitoza hata senti si bure tena, na wasiokuwa nayo ndio niliowakusudia.

Likoni kwa Miguu: Dada, hiyo M 47 ni kitabu gani?

FundiMajengo: Sayansi darasa la sita. Ile ya zamani.

Likoni kwa Miguu: Basi mzee kakusaidia. KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, ya mwisho imefanywa 2023, mtoto wa mtaala mpya wa CBC aifanyie nini? Watu wanakupa kile kinachowajazia stoo. Mimi gunia nalimwaga hapo hapo mbele ya mwenyewe. Hadithi, kamusi, atlasi hata kuukuu, nachukua. Vya mtihani wa zamani namrudishia. Wengine hununa, shauri yao. Amana usithubutu. Niliweka mia, wiki nzima hakuja mtoto hata mmoja.

Kijana wa Marikiti: Muhuri gonga tu, ila njugu hazijui kusoma.

Mwalimu Mstaafu: Binti yangu, mimi nakuogopea kusi kuliko wezi. Mvua za mwezi wa tano zikikukuta na kreti barazani, utavuna ukungu. Ziinue juu ya matofali, usiziegemeze ukutani, upepo upite nyuma. Kitabu kilicholowa usikianike juani, kitajikunja kama papa mkavu; kisimamishe kivulini, kurasa zimeachana. Chenye ukungu kitenge siku hiyo hiyo, ukipanguse nje kwa kitambaa kikavu. Na mchwa waangalie kila wiki, hao hawaombi ruhusa.

FundiMajengo: Shukrani nyote. Leo nimemwendea mzee. Kumbe anauziwa kwa kilo na mama mmoja, tena mteja wangu (simtaji, gauni lake la harusi bado liko kwenye mashine). Chini ya meza ana rundo hadi magotini. Nimepekua, nimekuta hadithi mbili zenye namba zangu, na kamusi isiyo na jalada ambayo hata si yangu. Tumekubaliana: nitampelekea sayansi na hesabu zote za zamani, naye ataniwekea hadithi kabla hajazichana. Kamusi kanipa leo leo, na njugu juu yake.

Mwalimu, matofali nimepata manne tu. Yatatosha kreti mbili?

Mwalimu Mstaafu: Zipandishe moja juu ya nyingine, yatatosha. Kamusi iweke ya juu.