Yuko darasani, rudi saa nne

Kikundi: Familia ya Barabara ya 12, Ngamiani

Rehema: Shikamooni wakubwa wote. Majibu yametoka. Nimepata Chuo Kikuu Huria, shahada ya elimu. Masomo karibu yote ni kwa mtandao, kwa hiyo nabaki hapa hapa Tanga na kazini naendelea kufundisha.

Mama: Marahaba mwanangu. Alhamdulillah. Nimelia peke yangu hapa jikoni.

Shangazi Mwana: Hongera sana Rehema! Na afadhali huhami. Jioni utaendelea kunishikia duka, na mtoto wa Asha utakuwa unamwangalia maadamu upo nyumbani.

Kaka Salum: Shikamoo Mama, shikamoo Shangazi. Hongera mdogo wangu. Shangazi, naomba hilo la duka na mtoto tulizungumze leo leo, kabla hajaanza.

Shangazi Mwana: Marahaba. Kwani nimesema vibaya? Si atakuwepo?

Kaka Salum: Hujasema vibaya. Mimi niliposomea kile chuo cha Marekani kwa mtandao, nyumbani waliona vile vile. Yupo, basi mtume. Gesi imeisha, Salum. Mgeni amefika, Salum. Mtoto analia, Salum. Nikija kufungua somo ni saa sita usiku, macho hayashiki kitu. Muhula wa kwanza nilifeli masomo mawili, na masomo yenyewe hayakuwa magumu.

Rehema: Hukuwahi kutuambia kaka.

Kaka Salum: Niliona aibu. Sasa tazameni hesabu. Kwenye vyuo vikuu vyetu krediti moja ni saa 10 za kazi. Somo la krediti 10 ni saa 100: kusoma, kusikiliza, kuandika kazi na kujiandaa na mtihani, vyote humo. Masomo matatu ni saa 300. Gawa kwa wiki 15.

Mama: Nimegawa. Ni saa 20 kila wiki??

Kaka Salum: Ndiyo Mama. Karibu saa tatu kila siku ya Mungu, na mchana ameshashinda na watoto wa watu shuleni.

Mjomba Hassani: Assalaam alaykum. Hongera mwalimu. Niseme langu. Enzi zetu Chuo Huria hakikuwepo, sheria ya kukianzisha ilipita mwaka 1992. Mimi miaka ya 80 nilisoma kwa posta kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Kijitabu kinakuja kwenye bahasha ya kaki, unajibu, unarudisha, unasubiri hadi karatasi irudi na wino mwekundu. Kilichonivusha ni marehemu mama yenu mkubwa. Kila siku baada ya magharibi aliniwashia chemli mezani, kisha akakaa kizingitini na ukili wake anasuka. Mtu akibisha hodi anamwambia, "Hassani yuko darasani, rudi saa nne." Na mimi nipo hatua nne kutoka pale, nasikia kila neno. Miaka miwili hivyo. Cheti kilipokuja nilimkabidhi yeye akitunze.

Mama: Kaka umenikumbusha mbali. Mkeka wa ule ukili bado ninao.

Asha: Rehema hongera dada. Mtoto asikupe mawazo, nitampitia mwenyewe kwa jirani nikitoka sokoni. Kusema kweli nilishazoea kukuachia bila hata kuuliza. Nisamehe.

Rehema: Yameisha Asha. Ila mtandao unanitia hofu. Simu yangu kioo kimepasuka, laptopu ile ya kaka haikai na chaji, na umeme wa kwetu mnaujua.

Kaka Salum: Betri ya laptopu nitakutumia kutoka Dar. Kwenye simu weka programu ya Moodle, ile ya kufungulia masomo ya chuo. Unapakua notsi za wiki nzima siku ukiwa na bando zuri, mtandao ukikatika unaendelea kusoma. Mkikutana kwa video zima kamera kama mwalimu hajaitaka, bando litakaa. Na jibu la kazi usiliandikie mle mle kwenye ukurasa wa chuo. Liandike pembeni, lihifadhi, ndipo ulinakili. Nimeshaona mtu kapoteza kurasa tatu kwa umeme kukatika mara moja.

Rehema: Sawa. Na hizi saa zao?

Kaka Salum: Hapo kuwa makini sana. Ratiba ikisema 08:00 ni saa mbili asubuhi, 20:00 ni saa mbili usiku. 23:59 ni dakika moja kabla ya saa sita usiku, na mlango ukifungwa umefungwa. Mimi mwisho wa kazi zetu ulikuwa 23:59 ya New York, ambayo kwetu ni saa 1:59 asubuhi. Machi wenzetu wa Marekani wakasogeza saa zao mbele kwa saa moja, kama wafanyavyo kila mwaka, kwetu ikawa saa 12:59, na mimi sina habari. Nikatuma saa 1:20 nimetulia kabisa. Sifuri. Wewe chuo chako ni cha hapa, hilo halikuhusu, lakini usingoje siku ya mwisho. Na kituo chao kiko hapo hapo Tanga, nenda mapema wakuoneshe mfumo, ukwame ukiwa mbele ya mtu.

Shangazi Mwana: Nimesoma yote, tena mara mbili. Mwanangu, duka nitamweka kijana wa Bi Saada jioni. Wewe nipigie hesabu tu Jumamosi asubuhi, ukiweza.

Rehema: Jumamosi naweza Shangazi. Ahsante sana, kwa kweli sikujua nitakuambiaje.

Mama: Basi ni saa mbili usiku hadi saa tano, chumba cha nyuma. Magunia ya mkaa nayatoa kesho, meza ya baba yenu inaingia. Mlangoni nitakaa mimi. Atakayemtaka Rehema aanze na mimi.

Mjomba Hassani: Tandika na ule mkeka.

Mama: Nitautandika. Asha, mwambie mumeo aje na bisibisi, soketi ya chumba kile ina mwaka haishiki.

Asha: Anakuja baada ya adhuhuri Mama.