Mbunge wetu wa jimbo anakuja Jumamosi kutueleza kazi yake. Nimuulize nini?

Fundi Cherehani

Jambo yenu wote. Mimi ni fundi wa kushona hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo (DRC). Meza yangu iko karibu na soko la Kenya (si nchi, ni commune, yaani wilaya ya mji wetu), ila nalala wilaya ya Annexe. Juzi mkubwa wa barabara yetu alipita nyumba kwa nyumba: mbunge wa jimbo, yule tuliyemchagua tarehe 20 Desemba 2023, yuko likizo ya bunge, na Jumamosi saa nane atakaa nasi chini ya mwembe wa shule atueleze aliyoyafanya. Kila barabara itoe mtu mmoja wa kuuliza. Kwetu wamenitaja mimi, eti najua kuandika na sina haya.

Karatasi yake imeshazunguka. Ukurasa mmoja, picha juu, tai nyekundu. Chini yake: viti vya plastiki mia moja kwa vikundi vya wamama, mashine moja ya kusaga mahindi, jezi za timu mbili, kisima kimoja cha pampu, na majeneza saba. Ndiyo, majeneza. Nimeisoma mara tatu nikitafuta neno "bunge". Halimo.

Halafu kuna jambo lingine linalonikosesha usingizi. Novemba 2023, kampeni ilipoanza, nilipewa kazi ya polo zake 240, zile fulana zenye kola. Zilikuja zimeshonwa tayari, mimi nikabadilisha kola ziwe za rangi ya chama, nikadarizi namba yake mgongoni, maana kwenye ile mashine ya kupigia kura wengi walikuwa wanatafuta namba. Aliyekuja kulipa si yeye, wala si mtu wa chama. Ni kijana aliyeshuka kwenye gari la kampuni moja ya malori. Akahesabu dola noti kwa noti. Moja ilikuwa imechanika pembeni nikamrudishia, akacheka, akatoa nyingine. Akataka risiti iandikwe jina la kampuni. Kishina cha risiti hiyo ninacho mpaka leo.

Sasa malori ya kampuni hiyohiyo, yanayobeba shaba kwenda Kasumbalesa mpakani mwa Zambia, yanakuja kulala mtaani kwetu. Yamevunja kidaraja cha mfereji. Tangu masika yaliyopita maji yanaingia kwa jirani yangu hadi chini ya kitanda, ameinua godoro juu ya matofali. Tumeandika barua mbili. Mbunge wetu ni mtu wa kusema, redioni humkosi, lakini ukitaja malori anakuwa kama amemeza mfupa.

Naomba mnisaidie: kazi ya mbunge wa jimbo ni ipi hasa? Na hii ya polo niiseme, au nifunge mdomo? Nina watoto wanne, na wateja wangu wengine ni watu wa chama chake.

Wa Kipushi

Mzee fundi, nenda, kaa, kunywa soda yake, rudi nyumbani. Mwaka 2028 atakuletea polo zingine. Ukimuuliza sana, kazi ataipeleka kwa fundi mwingine.

Karani Mstaafu

Mdogo wangu fundi, usimsikilize huyo wa Kipushi, ameshiba. Mimi nilikaa miaka mingi nikiandika kumbukumbu za vikao vya bunge la jimbo, pale Jengo la 30 Juni, ile nyumba ya zamani iliyojengwa iwe ukumbi wa tamthilia. (Wakati mwingine nilidhani haijabadilisha kazi.)

Katiba ya 2006, ibara ya 197, inampa kazi mbili. Kutunga sheria za jimbo, zile tunazoita edi, na kuichunguza serikali ya jimbo pamoja na huduma zake. Jeneza halimo. Viti havimo. Ya kuchunguza ina vyombo vyake: swali la mdomo, swali la maandishi, kumwita liwali (gavana wa jimbo) au waziri wake ajieleze mbele ya wote, kamati ya uchunguzi. Swali la maandishi lina tarehe na lina namba ya kupokelewa. Kwa hiyo usimuulize "umefanya nini", atakuhesabia viti mpaka giza liingie. Muulize: "Tangu uingie, umeandika maswali mangapi kwa liwali? Tupe tarehe ya moja tu." Aliyeandika hukumbuka, kama wewe unavyoikumbuka ile noti iliyochanika.

Pili, bajeti. Bunge la jimbo lina vikao viwili vya kawaida kwa mwaka, kimoja kinafunguliwa 30 Machi, kingine 30 Septemba. Cha Septemba ndicho cha pesa. Muulize mfereji wenu uko ukurasa gani wa bajeti aliyoipigia kura. Atakujibu kwamba Kinshasa hairudishi pesa za majimbo. Hapo mwachie, ana haki: ibara ya 175 inasema majimbo yabaki na asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, ikatwe palepale chanzoni, na tangu mwanzo haijawa hivyo. Wabunge wa majimbo wenyewe wamekaa miezi bila mshahara, nimewaona wakikopa nauli.

Lakini mkishamaliza kumlilia Kinshasa, mlete kwenye mrabaha wa madini, ile sehemu ambayo kampuni ya mgodi inailipa serikali kwa madini inayoyachimba. Sheria ya madini ilirekebishwa Machi 2018. Katika mrabaha, asilimia 50 ni ya serikali kuu, 25 ya jimbo, 15 ya mji au sekta au uchifu ambamo mgodi umo, 10 ya mfuko wa vizazi vijavyo. Na hiyo 25 haiendi kwanza Kinshasa ikarudi. Kampuni inailipa kwenye akaunti ya jimbo. Sisi wa jimbo hili la Haut-Katanga tumekaa juu ya shaba, fundi. Muulize hiyo pesa ameifuata mara ngapi. Usimpe nafasi ya kukimbilia ile 40.

Kuhusu polo. Sheria yetu ya uchaguzi haimwekei mgombea kikomo cha matumizi. Kuna sheria ya Juni 2008 iliyosema serikali itavipa vyama ruzuku, lakini mgombea wa mtaani hangoji ruzuku, anatafuta mwenye malori. Basi mwenye malori anapata nini? Watu hudhani analipwa kwa tenda. Mara nyingine, ndiyo. Lakini kumbuka mbunge wa jimbo ndiye anayemchagua liwali, na ndiye anayewachagua maseneta. Kura yake ina wanunuzi wengi kuliko ya kwako. Machi 2019 rais alisimamisha maseneta wapya wasiingie kazini, kelele za kura kununuliwa zilikuwa zimezidi. Na kuna malipo mengine ya bei rahisi zaidi, ambayo hayaachi karatasi: kunyamaza tu kikaoni siku malori yanapotajwa. Nimeandika vikao vingi ambavyo mtu alitoka nje kwenda "kupokea simu" wakati uleule.

Mama wa Ruashi

Baba karani, shule yako naiheshimu. Lakini mimi ni mtu wa bidoni, madumu ya maji. Kwetu mbunge mwingine alichimba kisima, naye wakamcheka hivihivi kwamba si kazi yake. Kabla ya kisima nilikuwa naamka saa kumi ya usiku, bidoni tatu, binti yangu nyuma na ya nne, njia yenyewe unaijua, ya majambazi. Sasa nateka saa kumi na mbili, nimevaa vizuri. Swali la maandishi halijawahi kujaza bidoni yangu.

Najua utasema ile pesa ya kisima ni ndogo kuliko ile ya mrabaha. Sawa. Ile ya mrabaha nitaiona wapi?

Baba fundi, uliza ya mfereji, usimwaibishe kwa viti. Kuna wamama wanavikalia.

Karani Mstaafu

Mama, hapo umenishika. Nikuulize moja tu: hiyo pampu ikivunjika, unampigia nani simu?

Mama wa Ruashi

Ilivunjika mwezi wa tano. Tulichanga.

Mwanafunzi wa Sheria

Mzee fundi, usiseme "kampuni ilikununua", hiyo hutaweza kuithibitisha na utajitia matatani. Sema ulichoona kwa macho: tarehe, idadi ya polo, jina lililo kwenye risiti. Mtu binafsi kumsaidia mgombea si kosa. Kinachokatazwa waziwazi katika sheria ya uchaguzi ni kutumia mali, pesa na wafanyakazi wa serikali kwenye kampeni. Kwa hiyo swali lako si la polisi, ni la wapiga kura. Na toa fotokopi ya kishina, ya asili iache kwa mtu mwingine, si nyumbani.

Fundi Cherehani

Nimerudi. Asanteni wote, hata wewe wa Kipushi, soda ilikuwepo na niliinywa.

Alichelewa saa moja na nusu. Alisoma ile karatasi yote, majeneza pia. Zamu yangu ilipofika nikaanza na swali la karani: tarehe ya swali moja la maandishi. Akasema ameandika "mengi". Nikasema moja. Akageuka kwa msaidizi wake, msaidizi akatazama simu. Wamama wakaanza kucheka chini chini, na nakiri nilisikia vizuri mwilini. Akasema tarehe ataileta.

Mrabaha: alikimbilia Kinshasa papo hapo, kama karani alivyosema. Nikamwambia hiyo 25 inalipwa hapahapa. Kwanza alinitazama mimi, halafu viatu vyangu. Akajibu kwamba hayo ni ya kamati ya fedha na yeye hayumo. Labda ni kweli.

Kisha nikasema ya polo. Sauti ilitetemeka, sifichi. Nikasema: mheshimiwa, mimi nilishona kola zako 240, risiti ina jina la kampuni ya malori, na malori hayo ndiyo yaliyovunja kidaraja chetu; je, siku bunge litakapozungumzia malori, utakuwa umekaa ndani? Watu kimya kabisa. Akatabasamu: "Papa fundi, yule ni rafiki, alinisaidia. Zawadi si deni." Jirani yangu, yule wa godoro juu ya matofali, akapaza sauti kutoka nyuma: "Basi mwambie rafiki yako aje aone kitanda changu!" Hapo mkutano ukageuka soko, mkubwa wa barabara akaufunga kwa sala.

Kidaraja bado. Tarehe ya swali, bado.

Jumatatu msaidizi alikuja mezani kwangu, peke yake, bila gari. Chama kina sherehe, wanataka polo 300, kola ileile. Nikafungua kitabu cha risiti, nikaweka kaboni, nikamuuliza safari hii niandike jina la nani. Akasema atanipigia simu.