Naomba ushauri: wageni wanataka maziwa yasiyo na laktozi

Asalam aleykum ndugu zangu. Mie nina kimgahawa Paje, nauza chai, kahawa na mkate wa kumimina, sasa tangu msimu uanze haipiti siku hajatokea mgeni anauliza maziwa yasiyo na laktozi, yaani sukari ya asili ya maziwa, anasema akinywa ya kawaida tumbo linajaa gesi na kuharisha juu. Mwanzo nilidhani madeko tu, kumbe hata mama yangu ndo yaleyale, chai ya maziwa haigusi miaka yote, na wataalamu wanakadiria karibu thuluthi mbili ya watu duniani wakishakuwa wakubwa matumbo yao hayaisagi vizuri ile sukari ya maziwa. Ya paketi kutoka nje bei yake inaniumiza mno. Nimesoma kuna matone ya laktezi, kimeng'enya kinachoisaga hiyo sukari, unachemsha maziwa, unayaacha yapoe kabisa maana moto unakiua hicho kimeng'enya, ndo unatia matone na kuweka frijini siku nzima, yanakuwa matamu zaidi kidogo.

Alojaribu hapa Unguja anambie tafadhali, matone anayapata wapi na umeme ukikatika inakuwaje? Au nibaki na tui la nazi? Tatizo kapuchino, kwa tui povu halinisimamii.